Rilei, dainamo na taa ya bodaboda: historia fupi kutoka Bofu

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mnaingoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Lakini leo mniwie radhi, maana mikono yangu bado inanuka lehemu na grisi, na kichwani nina jambo moja tu: taa ya mbele ya pikipiki.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, ni bodaboda huku Likoni. Anakaa Bofu, na kazi yake kubwa ni ya usiku: kuwapokea watu wanaoshuka feri na kuwafikisha Bofu, Shika Adabu, Mtongwe, mara nyingine mpaka Ukunda. Wanaoijua Likoni wanajua kwamba ukiiacha barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga ukaingia ndani, taa za barabarani hukuaga hapo hapo. Ndani ni taa yako na Mola wako.

Mwezi uliopita alikuwa anamrudisha abiria nyumbani usiku. Akafika kwenye shimo analolijua, akapunguza mwendo. Alipopunguza mwendo na taa nayo ikapungua, kama ilivyo kawaida yake tangu siku aliyoinunua. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa maji umeegeshwa, hauna hata kipande cha kiakisi. Aliuona ukiwa mita mbili mbele. Abiria, mama wa makamo, alichubuka mguu. Yeye alitenguka kifundo cha mkono, akakaa wiki mbili bila kazi, na pikipiki ni ya mkopo.

Nilipokwenda kumjulia hali, mama mdogo aliniambia mbele yake, "Wewe mwanangu umesomea mitambo. Ndugu yako asife kwa sababu ya taa." Nikamjibu, "Mama, mimi nimesomea programu, si mitambo." Akanitazama vile mtu anavyomtazama anayetoa visingizio, akaingia jikoni. Basi ikawa ni kazi yangu.

Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Nilichukua multimita, nikafungua taa, nikaweka ncha mbili nyuma ya balbu. Balbu ni ya volti 12, wati 35 kwa fulu na wati 35 kwa dimu, kama zilivyo pikipiki nyingi ndogo za hapa. Injini ikinguruma taratibu, nilipata volti 7 na ushei. Nikipiga mafuta, zinapanda mpaka karibu 12. Sasa, balbu ya waya ina tabia mbaya: mwanga wake haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Ukipunguza kwa asilimia 20 umepoteza zaidi ya nusu. Kwa volti 7 hiyo si taa tena, ni kaa la moto ndani ya kioo.

Kama ilivyo desturi yangu nilitafuta mtandaoni, na jibu la watu wote duniani lilikuwa moja: funga rilei.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana rilei ni jamaa yetu sisi watu wa kompyuta, ingawa wengi wetu hatujawahi kuishika. Ni kitu rahisi sana. Kuna koili ya waya mwembamba, na juu yake ulimi wa chuma. Ukipitisha umeme mdogo kwenye koili, inakuwa sumaku, inauvuta ulimi, na ulimi unafunga njia ya umeme mkubwa. Umeme mdogo unaamuru umeme mkubwa, na hauchanganyiki nao. Mmarekani Joseph Henry ndiye anayetajwa kuwa aliiunda mwaka 1835, na Samuel Morse alipofungua laini yake ya simu ya maandishi kutoka Washington mpaka Baltimore mwaka 1844, wazo hilo ndilo lililoiwezesha simu kwenda mbali: umeme ukichoka njiani, unatosha tu kuvuta ulimi wa rilei, na rilei inaanzisha umeme mpya wenye nguvu kwa safari inayofuata. Jina lenyewe limetokana na farasi wa kupokezana, wale waliobadilishwa kwenye vituo ili mjumbe asingoje farasi apumzike. Sisi tuna mbio za kupokezana vijiti, ni neno lile lile.

Halafu rilei ikaanza kufikiri. Mwaka 1937 kijana wa miaka 21 huko MIT, Claude Shannon, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba ukiziunganisha swichi na rilei kwa mpangilio fulani, zinafanya hesabu za ndiyo na hapana, zile za George Boole. Mwaka 1941 mjini Berlin, Konrad Zuse alimaliza mashine yake Z3, kompyuta iliyokuwa na rilei zaidi ya 2,000. Na Septemba 1947, mafundi wa mashine ya Mark II kule Harvard walimkuta nondo amenaswa kwenye rilei, wakambandika kwa tepu kwenye daftari la kazi. Watu husema ndipo hitilafu za programu zilipoanza kuitwa "bagi". Si kweli, mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu enzi za Edison, na ndiyo maana ile daftari ilichekesha. Hata hivyo nondo yuko, na daftari ipo.

Kwa hiyo nilipotoka duka la spea upande wa kisiwani na rilei mbili mfukoni, nilijiona nimebeba vipande viwili vya Z3.

Ukiigeuza rilei ya gari utaona namba chini yake: 30, 85, 86, 87. Kwa miaka mingi nilidhani ni namba za kiwandani tu. Kumbe zinatoka kwenye kanuni ya Wajerumani, DIN 72552, inayoipa kila ncha ya umeme wa gari namba yake. 30 ni umeme unaotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri. 31 ni hasi. 15 ni umeme unaokuja ukishawasha ufunguo. 56a ni fulu, 56b ni dimu. 85 na 86 ni ncha mbili za koili ya rilei, na 87 ndiyo njia ya kutokea kwenda kwenye taa. Ni kama namba za milango kwenye mtandao, 80 kwa wavuti na 25 kwa barua. Ukizijua, unaweza kufungua gari lolote la Ulaya ukajua waya gani unakwenda wapi bila kuuliza mtu.

Mpango wa kitabuni ni huu. Waya mwembamba uliokuwa unalisha balbu kupitia swichi ya usukani, sasa unalisha koili ya rilei tu. Kazi ya kubeba wati 35 inafanywa na waya mnene mpya unaotoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia 30, unatoka 87, unafika kwenye balbu. Swichi inapumzika. Na kwa Mombasa swichi inahitaji kupumzishwa, maana chumvi ya bahari haina huruma. Niliifungua ile ya ndugu yangu nikakuta shaba imeota kijani kama ukuta wa kisima. Kila kijani ni volti iliyopotea.

Nikafunga. Nikawasha injini. Rilei zikalia.

Hazikulia "tik" kama zinavyopaswa. Zililia mfululizo, vrrrrr, kama nyuki ndani ya debe, na taa ikatetemeka kama ya disko. Ndugu yangu akaangua kicheko, mimi sikucheka. Ilinichukua nusu saa kuelewa: umeme uliokuwa unakwenda kwenye taa ya pikipiki hii haukuwa umeme wa betri kabisa. Ulikuwa AC. Vitabu vya shule husema mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi, tofauti na mkondo mnyoofu wa betri, yaani DC. Koili ya rilei ilikuwa inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, kila umeme unapogeuka.

Nikafanya kile ambacho waandika programu wote hufanya saa kumi na moja jioni: nikaweka kiraka. Nikachukua umeme wa DC kwenye waya wa honi ili uamuru rilei. Mlio ukakatika. Taa ikawaka, nyeupe, imetulia, na hata injini ikinguruma taratibu haikupungua. Tukapeana mikono. Mama mdogo akaleta chai na mahamri.

Usiku wa nne betri ilikufa. Alikuwa karibu na feri, watu wamejaa, pikipiki haina honi, haina indiketa, haina taa hata ile hafifu ya zamani. Akaisukuma mpaka nyumbani. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Basi nikaacha spana, nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa moja: nani aliamua kwamba taa ya mbele isiunganishwe na betri, na kwa nini?

Jibu lilikuwa uani kwetu tangu utotoni. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi yenye dainamo, kile kichupa cha chuma kinachobanwa kwenye tairi la nyuma. Wale wa rika langu mnakumbuka: ukipiga pedali taa inawaka, ukipanda kilima inafifia, ukisimama inazimika. Hakuna betri. Ndani kuna sumaku inayozunguka na koili ya waya, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unazaliwa. Umeme huo ni AC. Balbu haijali. Waya wa balbu unahitaji joto tu, na joto halina chanya wala hasi.

Taa ya pikipiki ya ndugu yangu ni ile dainamo ya baba. Imehamia ndani ya injini, lakini ni ile ile.

Na pikipiki hazikuanza hivyo. Taa zao za kwanza hazikuwa za umeme hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitumia mawe ya kabaidi: unadondosha maji juu yake, inatoka gesi ya asetilini, gesi inawaka mbele ya kioo. Ninavyolisikia mimi neno karabai, naona ni mtoto wa hiyo kabaidi, ingawa karabai ya wavuvi wetu wa dagaa ni ya mafuta na pampu. Zilikuwa taa kali, lakini unasimama njiani kuongeza maji. Harley-Davidson walileta pikipiki yenye taa za umeme mwaka 1915, na pikipiki kubwa zikafuata njia ya magari: dainamo ya DC, betri nzito, taa inalishwa na betri.

Pikipiki ndogo hazikuweza kuifuata njia hiyo. Betri ilikuwa ghali, nzito, na inakufa. Huko Uingereza, kiwanda cha Villiers cha Wolverhampton kilitoka na jibu lake mwanzoni mwa miaka ya 1920: sumaku ziwekwe ndani ya gurudumu la injini lenyewe. Gurudumu lazima lizunguke, basi lizunguke na sumaku, na koili zikae ndani yake. Koili moja inatoa cheche ya plagi, nyingine inawasha taa moja kwa moja. Hakuna betri, hakuna cha kubadilisha umeme kuwa DC. Kumbukeni wakati huo hakukuwa na dayodi za silikoni za shilingi chache. Kugeuza AC kuwa DC kulihitaji vitu vikubwa zaidi, na hata pikipiki za Waingereza za miaka ya 1950 zilikuwa bado zinabeba sahani za seleniamu. Kwa mtu anayetaka pikipiki ya bei nafuu ya kwenda kazini, uamuzi wa Villiers ulikuwa wa busara kabisa. Ningekuwa mimi ningeamua hivyo hivyo.

Halafu uamuzi ukarithiwa. Wajapani walipoanza kuitengenezea dunia pikipiki ndogo, gurudumu la sumaku lilikuwa humo. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958 na umeme wa volti 6, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Volti 6 zikawa 12. Cheche za platini zikawa za CDI. Dayodi za silikoni zikashuka bei mpaka zikawa karibu bure. Lakini kwenye pikipiki nyingi za kazi, koili ya ndani iliendelea kugawanywa vile vile: kipande kidogo kwa kuchaji betri ndogo ya honi na indiketa, na kipande kingine kwa taa ya mbele, AC, moja kwa moja. Sababu ya uamuzi ilikufa, uamuzi ukabaki. Ninyi mnaoandika programu mnaijua hali hii. Kila mfumo mkongwe una mstari mmoja ambao hakuna anayejua kwa nini upo, na siku unaufuta ndiyo siku unajua.

Mimi niliufuta. Nilihamisha wati 35, karibu ampea 3, kutoka kwenye koili ya taa nikazitwika betri ndogo, na koili ya kuchaji haikuwa na uwezo wa kuzirudisha. Kila usiku betri ilikuwa inatoa zaidi ya inavyopewa. Kitabu cha wenzetu wa nje kilikuwa sahihi, ila kiliandikwa kwa pikipiki ambazo taa yake tayari iko kwenye betri.

Sasa tuje kwetu. Bodaboda zilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia miaka ya 1960, kuvusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda, na jina likatokana na huo mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na kwa muda mfupi baiskeli zikapotea vituoni, pikipiki zikajaa. Ni karibu wakati ule ule kebo ya TEAMS ilipofika Mombasa, Juni 2009, sisi tukashangilia intaneti ya kasi. Kwa ndugu yangu, lililobadilisha maisha ni hilo la kwanza.

Lakini tazameni kilichotokea. Watu walishuka kwenye baiskeli yenye dainamo wakapanda pikipiki yenye dainamo iliyofichwa. Na matumizi yakabadilika: si mtu mmoja anayekwenda shambani asubuhi na kurudi jioni, bali ni saa kumi za kazi, nusu yake gizani, abiria wawili nyuma, barabara ya mashimo ambapo kila baada ya mita hamsini unapunguza mwendo. Na pale unapopunguza mwendo, pale unapohitaji kuona shimo, ndipo taa inapokufa. Mwendo mdogo, mwanga mdogo. Kwa barabara nyeupe ya lami mpango huo hausumbui sana. Kwa vichochoro vya Bofu ni mpango wa kuvunja watu mikono. Simlaumu aliyebuni miaka ya 1920. Nawalaumu kidogo wanaoendelea kunakili leo, wakati vifaa vya kurekebisha havifiki hata bei ya tairi moja.

Mara ya pili sikwenda peke yangu. Kuna fundi mmoja mzee jirani na stendi, mtu wa maneno machache, aliyezitengeneza pikipiki tangu zile za volti 6. Nikamweleza nilichosoma. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi itoe ati." Maneno matatu, na ndiyo jibu lenyewe.

Maana yake ni hii. Koili ya ndani ya injini, ile inayotoa umeme wa taa na wa kuchaji, ncha yake moja imefungwa kwenye mwili wa injini, yaani kwenye ati. Kwa hiyo kirekebishaji cha zamani kinaweza kutumia nusu tu ya kila wimbi la umeme kuchaji betri, nusu nyingine inakwenda zake. Ukiikata ile ncha kutoka kwenye mwili wa injini, ukaitoa nje kwa waya wake yenyewe, unapata ncha mbili huru. Unaziingiza kwenye rektifaya ya mawimbi kamili, yenye dayodi nne ndani na regyuleta yake, na sasa koili nzima, pamoja na kile kipande cha taa, inachaji betri. Ndipo betri inaweza kubeba taa.

Tulifungua kifuniko cha upande wa kushoto, mafuta yakamwagika kwenye karai. Nilikuwa tayari na plaisi nikate. Mzee akanishika mkono. "Hiyo nyingine ni ya cheche." Kwenye ati hiyo hiyo ilikuwa imefungwa pia koili ya CDI. Ningeikata yote pamoja, taa ingekuwa nzuri sana kwenye pikipiki isiyowaka. Tukazitenganisha: ya cheche ikabaki kwenye ati, ya umeme ikatolewa nje. Mzee akalehemu mwenyewe, akafunika kwa mrija wa kustahimili joto, maana tepu ya kawaida huyeyuka ndani ya mafuta ya moto.

Mengine yalikuwa mepesi. Rektifaya mpya tukaifunga kwenye chuma cha fremu, mahali penye upepo, kwa sababu inapata moto. Rilei mbili nyuma ya taa, midomo chini ili maji yasiingie. Fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri. Hili nawaomba msilipuuze: fyuzi hailindi taa, inalinda waya, na waya usio na fyuzi kutoka betri mpaka taa ni kiberiti kilicholala chini ya tangi la petroli. Waya wa milimita mraba 2.5, hasi ikiwa na waya wake mnene pia mpaka betri, si kutegemea fremu yenye kutu. Kila kiungo kikapakwa grisi kwa ajili ya chumvi. Swichi nikaisugua kwa msasa laini mpaka shaba ikacheka.

Vyote pamoja, rilei, soketi, waya, fyuzi na rektifaya, havikufika shilingi 3,000. Mzee alikataa pesa, akachukua pakiti ya majani chai.

Nikapima. Injini ikinguruma taratibu, volti 12.4 kwenye balbu. Nikipiga mafuta, 13.6. Balbu ni ile ile ya wati 35.

Ndugu yangu alitaka tuweke balbu ya gari, ile ya H4 yenye wati 60 kwa 55, kwa kuwa "sasa umeme upo". Nilikataa. Koili haina wati hizo, na kioo chake ni cha plastiki, kingelegea kama mshumaa. Akauliza LED. Hilo ni swali la haki, na nilikaa nalo siku mbili. LED nyeupe imewezekana kwa sababu ya LED ya bluu iliyong'arishwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014, na inakula umeme mdogo sana. Siku pikipiki zote zitakapokuja na taa ya LED iliyobuniwa kiwandani, makala hii itakuwa ya makumbusho. Lakini zile za kuchomeka ndani ya kioo kilichobuniwa kwa waya wa balbu, nyingi nilizoziona zinatawanya mwanga ovyo. Mwenye pikipiki anafurahi, anayekuja mbele anakuwa kipofu. Simama jioni pale watu wanapotoka feri uzione zile spoti za LED zilizofungwa zikitazama juu, kila mmoja anamuunguza mwenzake macho. Ndugu yangu aligonga mkokoteni kwa kutoona. Sikutaka mwingine amgonge yeye kwa sababu hiyo hiyo.

Tukaielekeza taa vizuri: pikipiki mita tano kutoka ukutani, yeye amekaa juu yake na mimi nyuma kama abiria, maana uzito wa abiria huinua taa. Mstari wa dimu tukauweka chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe. Kazi ya dakika tano ambayo hakuna mtu anayeifanya.

Sasa ni wiki ya tatu. Betri ipo hai. Nimeifungua mara moja kuangalia rektifaya, ina joto lakini hainuki. Fyuzi mbili za akiba zimefungwa kwa tepu chini ya kiti. Juzi saa tano usiku simu yangu ikalia, nikashtuka, nikadhani ni lile tena. Alikuwa yuko njia ya ndani kuelekea Bofu, anacheka.

"Kaka, nimemwona mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi mweusi, kalala katikati ya njia, nami nakwenda polepole. Nimemwona toka mbali."

Jumamosi hii kuna pikipiki nyingine mbili zinakuja uani kwa mama mdogo, moja yake tayari ina kiraka cha mtu mwingine na betri iliyokufa. Makala ya hifadhidata itangoja tena kidogo.